"Na/au" na mkwaju wake

SWALI: Nasimamia seva, na tahadhari zetu zinagawanywa na Alertmanager, programu inayopokea tahadhari za mifumo na kuzipeleka kwa wahusika. Juu ya vilinganishi vya lebo (masharti yanayochagua tahadhari kwa lebo zake, mfano timu="malipo") kwenye faili la usanidi huwa naandika maelezo kwa Kiswahili. Niandike "tahadhari za timu ya malipo na mtandao", "malipo au mtandao", ama "malipo na/au mtandao"?

JIBU: Andika "au". Ningeishia hapo lau usingeleta hilo dude la tatu.

"Na/au", yenye mkwaju (alama ya /) katikati, haisomeki. Hebu itamke mbele ya watu. Utasema "na mkwaju au"? Au utaumeza mkwaju, ibaki "na au", tudhani umeshikwa na kigugumizi? Wanaoitetea hudai kwamba "au" peke yake inakataza viwili kwa pamoja. Tangu lini? Nikikwambia "lete kalamu au penseli", ukaja na zote mbili, nitakufukuza? Nitaandika kwa kalamu, penseli nitaitia mfukoni, na asante utapewa. Anayetaka kimoja aseme "kimojawapo tu". Anayetaka kuruhusu vyote awaige wanasheria: "faini au kifungo au vyote kwa pamoja". Ni maneno marefu kidogo, lakini yanatamkika.

Kwenye faili lako mkwaju huo hauna hata kisingizio, maana lebo moja ya tahadhari hubeba thamani moja tu. Hatari yenyewe imo kwenye "na". Tukisema "wanafunzi wa darasa la tatu na la nne waje", hakuna anayemsaka mtoto aliye katika madarasa yote mawili. "Na" yetu hukusanya makundi. Alertmanager haikusanyi. Vilinganishi vya njia moja (kanuni inayopeleka tahadhari kwa mpokeaji fulani) ni lazima vitimie vyote, kwa hiyo atakayefuata maelezo yako akapanga timu="malipo" kisha timu="mtandao" hatanasa tahadhari hata moja. Zikikosa njia nyingine, zitamwangukia mpokeaji wa jumla, naye atashangaa. Kinachotakiwa ni timu=~"malipo|mtandao", na huo mstari wima husomwa "au". "Na" iwekee lebo mbili tofauti: timu="malipo" na ukali="hatari".

"Ama" uliyoichomeka kwenye swali lako ni halali; ina asili ya Kiarabu kama "au", na hunoga zaidi ikija mara mbili: "ama hiki ama kile".

Mkubwa wako aking'ang'ania mkwaju, mwachie autumie kwenye tarehe.