Mwalimu wa fizikia, anza na mshumaa

Mwalimu mgeni wa fizikia akiniuliza aanzie wapi, humwambia amsome mwanasayansi Michael Faraday, kisha anunue mshumaa.

Faraday alizaliwa Uingereza mwaka 1791, baba yake mhunzi, na shule aliipata kidogo tu. Akawa mwanagenzi wa fundi wa kujalidi vitabu London, na vitabu alivyovishona ndivyo vilivyomsomesha. Mwaka 1831 alionyesha kuwa sumaku ikisogezwa ndani ya koili, yaani waya uliozungushwa mizunguko mingi, huzalisha umeme. Jenereta za leo zinategemea kanuni hiyo hiyo. Lakini mimi nampenda zaidi kwa mihadhara ya Krismasi ya Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, iliyoanza 1825 kwa ajili ya vijana. Aliitoa misimu 19, na mara mbili, 1848 na 1860, mada yake ilikuwa mshumaa tu!

Jaribu hili alilowaonyesha. Washa mshumaa, uache uwake dakika chache, kisha uzime taratibu. Moshi mweupe utapanda kutoka kwenye utambi. Upesi, peleka njiti inayowaka kwenye moshi huo, juu kidogo ya utambi bila kuugusa. Moto utashuka ukifuata moshi, na mshumaa utawaka tena. Nikilifanya darasani sisemi neno. Wanafunzi hudai nirudie, halafu wanaanza kubishana wenyewe, na hapo ndipo maelezo hupokelewa: moshi ule ni nta iliyogeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Ukitangulia kueleza, umewanyima utamu wote.

Funga madirisha, kwa sababu upepo kidogo tu unaharibu kila kitu. Na fanya mazoezi kabla ya kipindi. Faraday mwenyewe alikwenda kujifunza usemaji kwa Benjamin Smart, hakutegemea kipaji.

Kwa wanafunzi wanaoogopa hesabu nina ushauri mwingine. Hesabu za Faraday zilikuwa haba. Alinyunyiza unga wa chuma karibu na sumaku, akaitazama mistari ya nguvu za sumaku iliyojichora kwenye unga huo mpaka akaielewa. Baadaye mwanafizikia James Clerk Maxwell aliyaweka mawazo hayo katika milinganyo. Kwa hiyo wape sumaku, karatasi na unga wa chuma, wachore wanachokiona. Mimi huibandika michoro yao ukutani, na tukifika kwenye kanuni tunaziandika chini yake.