Apache kwenye seva ya GB 2: prefork au nyuzi?

Mkuu, umeuliza kwa nini seva ya GB 2 inayoendesha Apache (programu ya kuhudumia tovuti) inaishiwa ramu wateja wakizidi, na kama uiache prefork (kila muunganisho na mchakato wake) uende kwenye nyuzi (threads: wahudumu wengi ndani ya mchakato mmoja). Kwa PHP, jibu langu ni ndiyo, ila anza na hesabu.

Chaguo-msingi la Apache yenyewe kwa prefork ni MaxRequestWorkers 256, yaani michakato 256 kwa wakati mmoja. Ukiwa na mod_php (PHP iliyo ndani ya Apache), kila mchakato umebeba PHP nzima, hata ule unaotoa picha tu. Mmoja ukila MB 40, 256 zinadai GB 10. Seva inahamishia kumbukumbu kwenye diski, maombi yanachelewa, yanarundikana, Apache inazaa michakato mingine, na ramu inazidi kubanwa.

Usipime kwa RSS (safu ya RES) ya amri ya top, maana kumbukumbu inayotumiwa kwa pamoja inahesabiwa upya kwa kila mchakato. Soma Pss, inayogawa kumbukumbu hiyo kati ya michakato, kwenye /proc/PID/smaps_rollup (PID ni namba ya mchakato). Ukitoa MySQL na mfumo zikabaki MB 1200, gawa kwa 40: unapata 30, ndiyo MaxRequestWorkers yako. Logi ikisema kikomo kimefikiwa, usikimbilie kukipandisha. Heri wageni wasubiri kwenye foleni kuliko seva kuzama kwenye swopu (kumbukumbu ya diski).

Tatizo ni kwamba chini ya prefork michakato hiyo 30 inamalizwa na KeepAlive (kuacha muunganisho wazi kwa ombi lijalo): kivinjari kimeshapata ukurasa, mchakato bado unakingoja hadi sekunde 5. Event, mfumo wa nyuzi wa Apache, imetatua hilo. Uzi mmoja hulinda miunganisho iliyotulia, nyingine (25 kwa kila mchakato) zinafanya kazi. PHP unaihamishia FPM (huduma ya PHP iliyo nje ya Apache), na kikomo cha michakato yake ni pm.max_children = 30.

Kwa Debian 12, sakinisha php8.2-fpm kwanza, kisha:

a2dismod php8.2
a2dismod mpm_prefork
a2enmod mpm_event proxy_fcgi setenvif
a2enconf php8.2-fpm
apachectl configtest
systemctl restart apache2

Fuata mpangilio huo, maana prefork haikubali kuzimwa wakati mod_php inaitegemea. Reload haitoshi. Kosa 500 likitokea baada ya hapo, tafuta mistari ya php_value (mipangilio ya PHP) kwenye faili za .htaccess, ihamishie kwenye faili la .user.ini.

Ningebaki na prefork pale tu penye moduli isiyo salama kwa nyuzi. Ikianguka huko, unapoteza ombi moja. Kwenye event mchakato unakufa na nyuzi zake zote 25.