Re: Mbona shule za kutwa za kibinafsi zinakua haraka hivi Nakuru?

Mama Wawili, umeuliza mbona ile shule ya kutwa huko Kiamunyi imeota ghorofa ghafla, na kama umhamishie mtoto. Niko Nakuru tangu kabla haijawa jiji mwaka 2021, na nimeona hadithi ileile kila mtaa: nyumba ya kupanga yenye chekechea, kisha mabati, kisha mawe. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, madarasa ya serikali yalifurika, wenye uwezo kidogo wakatoka. Halafu Januari 2023, mtaala mpya wa CBC ulipofika gredi ya 7, gredi hiyo ikabakizwa kwenye shule za msingi badala ya kupelekwa sekondari. Mtoto aliyekuwa akiondoka darasa la nane sasa anakaa hadi gredi ya 9, yaani karo ya mwaka mmoja zaidi. Ghorofa imetoka hapo!

Ukienda, usidanganywe na rangi ya basi. Omba kuonyeshwa maabara. Mimi nilionyeshwa chumba chenye sinki moja, bomba kavu. Uliza pia kama walimu wamesajiliwa na TSC (tume ya serikali inayosajili walimu), na basi linapita kwenu saa ngapi. Wangu alikuwa akiamka saa kumi na nusu alfajiri, nikamrudisha shule ya jirani.