Mwanangu, nenda nao

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Barua yako imefika. Unasema rafiki zako wanaowafundisha wafungwa kusoma na kuandika wamekualika ujiunge nao, na kwamba hakuna hata mmoja wao anayemwamini Mungu. Wao wanasema utu unatosha. Unaniuliza: ikiwa watu hawa wanatenda mema kuliko wengi tunaosali nao, Ukristo unaiongezea nini dunia? Na je, ukienda kwao nitaumia?

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo jepesi. Nenda. Mfungwa anayejifunza kusoma hana haja ya kujua mwalimu wake anasali wapi.

La kwanza ndilo zito, na sitakujibu kwa kukuhesabia hospitali na shule zilizojengwa na wamisionari, ingawa zipo na ninajivunia. Tukianza kuhesabiana, daftari letu lina kurasa za aibu. Mwaka 1710 alifariki tajiri mmoja aitwaye Christopher Codrington, akaliachia shirika la Kianglikana la kueneza Injili mashamba yake ya miwa kule Barbados, pamoja na watumwa wake. Shirika halikuwapa uhuru. Waliendelea kulima miwa, na wapo waliochomwa vifuani kwa chuma cha moto, wakabaki na chapa ya shirika mwilini. Hebu fikiri, mwanangu: mtu anaunguzwa ngozi kwa jina la watu waliotumwa kumwambia kwamba Mungu anampenda! Nao walisoma Biblia hiihii ninayoisoma mimi. Biblia hiyohiyo ilikuwa mikononi mwa Marafiki, wale wanaoitwa Quaker, ambao walikuwa 9 kati ya watu 12 walioanzisha chama cha kupinga biashara ya watumwa London mwaka 1787.

Kwa hiyo kushika Biblia peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwema. Lakini rafiki zako wasidhani akili na haki za binadamu zina kinga ambayo sisi tumeikosa. Bunge la mapinduzi la Ufaransa lilifuta utumwa katika makoloni mwaka 1794, kwa jina la haki na usawa. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha. Maneno mazuri yalikuwepo, ila faida ya sukari iliyashinda, kama ilivyoyashinda maneno mazuri ya wale waliorithi mashamba ya Codrington.

Halafu kuna kazi ambazo huwezi kabisa kutenganisha mkono wa nani ulifanya nini. Chukua ndui, ugonjwa uliokadiriwa kuua watu milioni 300 katika karne ya 20 peke yake. Aliyelitaka Shirika la Afya Duniani liufute duniani kote, mwaka 1958, alikuwa Viktor Zhdanov, naibu waziri wa afya wa Muungano wa Kisovieti, dola iliyomkana Mungu hadharani. Miaka 8 baadaye, mashariki mwa Nigeria, ndui ililipuka wakati chanjo haikutosha kwa watu wote. Daktari mmoja wa misheni ya Kilutheri, William Foege, alijua kwamba wamisionari wa eneo lile huongea kwa redio kila jioni. Akaingia hewani, akawaomba kila mmoja atume watu vijijini kuulizia wapi kuna mgonjwa wa ndui. Majibu yalipokuja, chanjo ile chache ikapelekwa kule kwenye wagonjwa na kwa watu waliowazunguka, badala ya kutawanywa kila mahali. Njia hiyo ya kuuzingira ugonjwa ilienea nchi nyingine, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Sasa niambie, ushindi huo tuuandike upande gani?

Mimi hapa huwa naisoma Mathayo 25, na nakuomba uisome tena polepole. Wale waliobarikiwa hawakujua walichokuwa wakifanya. Wanauliza kwa mshangao, "Bwana, ni lini tulipokuona una njaa?" Walimlisha mwenye njaa kwa sababu alikuwa na njaa, basi. Walikwenda kumtazama mfungwa kwa sababu yuko kifungoni. Sioni ni kwa haki gani ningewafungia rafiki zako mlango wa hadithi hiyo, ilhali Bwana mwenyewe ameuacha wazi.

Utasema basi mama, imani ya nini? Nakujibu kwa moyo wote. Kazi ya kuiboresha dunia inawafaa walio hai na watakaozaliwa. Wale waliochomwa chapa kule Barbados haiwafikii. Walikufa wakiwa mali ya watu. Hata kesho tukiwa na sheria zisizo na doa na magereza matupu, hakuna sheria itakayorudi nyuma kumfuta machozi mwanamke ambaye mtoto wake aliuzwa. Je, dunia nzuri ijengwe juu ya makaburi yao, tuseme yamepita? Mimi siwezi. Namwamini Mungu anayewajua mmoja mmoja, atakayewafufua na kuwapa haki yao, na aliyemfufua Mwanawe, naye aliuawa kwa hukumu ya dhuluma. Bila hilo, mema yetu yote yananipa furaha, lakini hayaniridhishi.

Najua rafiki zako wataiona hii kuwa faraja ya kujidanganya. Na kweli wamekuwepo wahubiri walioigeuza kisingizio, wakamwambia mnyonge avumilie, malipo yako mbinguni. Huko ni kulitumia jina la Mungu kumkinga mwizi. Ninavyoelewa mimi, ufufuo unafanya kinyume kabisa. Kama aliyedhulumiwa bado yuko hai mbele za Mungu, basi kesi yake haijafungwa, na mimi ninayekula matunda ya dhuluma ile nina la kujibu leo hii. Ndiyo maana kila Jumapili naungama dhambi zangu kabla sijaomba chochote. Nisipohukumiwa na mtu mkubwa kuliko mimi, nitajisamehe haraka mno. Sijui mtu anayejisamehe polepole.

Sikuandikii haya ili nikurudishe kanisani kwa nguvu. Umeshakuwa mtu mzima, na imani ya kusukumwa haifiki mbali. Ninachoomba ni kwamba ukishazoeana na rafiki zako, uwaulize kuhusu waliokufa: wao wanawawekea tumaini gani? Usiwaulize kwa kuwatega. Watu wanaowapenda wafungwa kiasi hicho lazima wamelifikiria, nami nataka kweli kusikia wanasemaje. Uniandikie walivyojibu, hata kama jibu lao litanisumbua.

Na uniambie wanahitaji vitabu vya namna gani vya kuanzia kusoma, na vingapi. Nitalipeleka kwa akina mama wenzangu kanisani, tuchange.

Mama yako akupendaye