ULIZA FUNDI: Chumba cha chini na ukuta wa mbao

Swali: Shikamoo fundi. Nyumba yetu iko Iyumbu, kwenye mteremko. Chumba cha chini, upande wa nyuma, kimezama ardhini mpaka usawa wa kifua. Tunataka kukigawa tupate stoo na chumba cha kijana wetu anayesoma chuo. Fundi anataka kupigilia mbao za mbili kwa mbili moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma, afunike kwa jipsamu. Ukuta una unga mweupe chini. Anasema ni saruji. Tumwache aendelee?
*Mama Neema, Dodoma*

Jibu: Marahaba, Mama Neema. Msimamishe kwanza.

Huo unga kwa kawaida ni chumvi. Maji yanapenya kutoka kwenye udongo, yanapita kwenye tofali, yanakauka ndani na kuiacha hapo. Angalia umepanda hadi wapi, ndipo unyevu ulipofika. Na usidanganyike na kiangazi, maana Agosti hapa Dodoma hata kisima kinakauka. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa tepu ya gundi, kiache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ardhini. Yakiwa mbele, ni mvuke wa chumbani. Rudia mvua za Desemba zikishika. Matone yakiwa nyuma, dawa iko nje: chimba mfereji upande wa juu wa mteremko, na maji ya bati yasimwagike pale ukutani.

Ukuta ukishakauka ndipo seremala aingie. Fremu isimame yenyewe, iache nafasi ya sentimita mbili na nusu hivi kutoka ukuta wa nyuma, isiguse kabisa. Mbao ya chini iwe ya dawa, na itandikiwe nailoni, kwa sababu zege nalo hunyonya maji. Mchwa wa huku hawapigi hodi. Mbao mbichi ya paina juu ya sakafu yenye unyevu ni karamu yao.

Sasa vipimo, ambapo mafundi wengi hukimbia. Sakafu za nyumba zetu haziko sawa, kwa hiyo mbao za kusimama zisikatwe zote kwa kipimo kimoja. Funga mbao ya juu, teremsha timazi (uzi wenye uzito), weka alama ya mbao ya chini, kisha pima kila mbao mahali pake. Akisema ataunda fremu nzima sakafuni ainyanyue, mkumbushe kwamba wakati wa kuinuka, mshazari wa kimo na unene wake ni mrefu kuliko kimo chenyewe, itakwama darini. Kutoka katikati ya mbao moja hadi katikati ya nyingine iwe sentimita 40: jipsamu ina upana wa mita 1.2, kwa hiyo kila kiungio kinaangukia kwenye mbao. Jipsamu yenyewe iinuliwe sentimita moja kutoka sakafuni, baadaye sketi (ubao mwembamba wa chini ya ukuta) itaficha. Palipo na rafu au televisheni, aweke mbao ya kulala kabla hajafunika.

Ukuta wa kutenga stoo hauna mambo mengi, ila mbao yake ya chini itandikwe vilevile.

Hukuniuliza dirisha, lakini kijana atalala humo. Grili nyingi mjini zimechomelewa moja kwa moja; moto ukiwaka mlangoni, hatoki. Ya kwake ifunguke kwa ndani, bila kufuli ya kutafutia funguo gizani. Kama hakuna dirisha la kumtosha kupita, mpe chumba cha juu, chini pote pabaki stoo.