Muulize Mama: Bendera za kwenye simu na oda ya fulana iliyokataliwa

Mwezi huu barua za bendera zimekuja nyingi mpaka nikadhani mmepanga. Kabla ya kukaa kwenye ukurasa huu nilikuwa dukani Kariakoo, kazi za uchapaji, kwa hiyo mmenigusa penyewe. Naanza na yenye ugomvi.

Shikamoo Mama. Nachapa fulana Mtaa wa Msimbazi. Mteja alinitumia oda kwa WhatsApp, akaweka emoji ya bendera bila kuandika jina la nchi. Nimechapa, amekuja kakataa mzigo. Anasema alitaka Ivory Coast, mimi nimempa Ireland. Sasa anadai advansi yake. Nani ana haki? (Fundi wa Msimbazi)

Marahaba mwanangu. Kabla hamjafikishana kwa mjumbe, tulia, ushahidi unao mfukoni.

Bendera hizo mbili zina rangi zilezile, mistari mitatu ya wima: rangi ya chungwa, nyeupe na kijani. Ivory Coast inaanza na chungwa upande wa mlingoti, Ireland inaanza na kijani. Kwenye kitambaa utazijua hata kwa umbo, maana urefu wa ile ya Ireland ni mara mbili ya kimo chake, na ya Ivory Coast ni tatu kwa mbili. Kwenye simu zote zimekatwa saizi moja, ndogo kama punje ya mchele, na mtu anabonyeza huku yuko ndani ya daladala. Unategemea nini?

Sasa sikiliza. Simu ya mteja haikukutumia picha ya bendera. Ilituma herufi mbili, kifupi cha nchi kwenye orodha ya kimataifa ya ISO: CI ni Ivory Coast, IE ni Ireland, TZ ni sisi. Simu yako ndiyo iliyozipokea ikachora bendera yenyewe. Utaratibu huo uliingizwa mwaka 2010 na Unicode, hao wanaopanga herufi na alama za kompyuta duniani. Kabla ya hapo simu za Japani zilikuwa na bendera 10 tu, za Japani yenyewe, Marekani, Uchina na wakubwa wenzao. Afrika hata moja. Unicode hawakutaka kuketi kuamua nani ni nchi na nani siyo, wakasema haya, herufi 26 hizi hapa, ziunganisheni wenyewe kwa kufuata ISO. Werevu kweli! Lawama zote wamezisukumia kwa wenye orodha.

Basi nenda kwa jirani mwenye kompyuta ya Windows. Nakili ile bendera kutoka kwenye ujumbe wa mteja, ibandike kwenye Notepad. Windows haichori bendera za nchi, inaonyesha herufi zenyewe. (Na wewe mwanafunzi wa Mabibo uliyeuliza kwa nini kompyuta yako inaandika TZ badala ya bendera, jibu lako ndilo hilo, kompyuta haijaharibika. Ukifungulia Firefox, programu ya kuperuzi mtandao, utaziona, yenyewe inabeba michoro yake.) Ikitoka CI, fundi, umekosea wewe: rudisha advansi, fulana tafuta wa kumuuzia. Ikitoka IE, mteja kabonyeza vibaya na mzigo ni wake.

Ila hata ukishinda nitakusema. Dukani kwetu hatukugusa kazi mpaka mteja aandike jina la nchi kwa mkono wake. Chad na Romania zikiwa kwenye simu hata mimi siapi. Indonesia na Monaco, nyekundu juu nyeupe chini, ndiyo kabisa. Na usichukue emoji kuwa kielelezo cha kuchapia: simu moja inachora bendera ikipepea, nyingine imenyooka. Nimeona fulana za bendera yetu ambazo ule mstari mweusi unashuka badala ya kupanda. Unaanzia chini kwenye mlingoti na kupanda hadi pembe ya juu upande wa pili, kijani ikiwa juu kushoto na bluu chini kulia.

Asalaam aleikum Mama. England na Scotland wana emoji zao na wako ndani ya nchi moja, kwa nini Zanzibar haina? Tumekosa nini? (Mpemba wa Ilala)

Waaleikum salaam. Bendera unayo, ya bluu, nyeusi na kijani, yenye bendera ya Muungano kwenye pembe, tangu 2005. Unachokosa ni kifupi. Orodha ya nchi ya ISO ina TZ moja ya Muungano mzima.

Wale England walipitia mlango wa nyuma. Mwaka 2017 ilipitishwa njia ya kuchukua bendera nyeusi tupu na kuifuatisha na herufi zisizoonekana: gbeng kwa England, gbsct kwa Scotland, gbwls kwa Wales. Zikapitishwa hizo tatu tu, hata Ireland ya Kaskazini haimo. Herufi hizo zinatoka kwenye orodha nyingine ya ISO, ya sehemu za nchi, na humo Visiwani mmeandikwa mkoa mkoa. Kifupi cha Zanzibar nzima hakimo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwaka 2022 Unicode walitangaza hawapokei tena maombi ya bendera mpya. Kilichobaki ni kuingia kwenye orodha ya nchi. Sark, kisiwa kidogo karibu na Ufaransa ambako hata magari hayaruhusiwi, kilipata kifupi chake, na mwaka 2024 kikapata emoji. Ninyi mlipewa uanachama wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Machi 2017, Julai ukafutwa, kwa hiyo mlango wa kubanwa mnaujua. Mimi nawaona vijana wenu wanaweka 💙🖤💚 na mambo yanakwenda. Au tengenezeni stika ya WhatsApp, hiyo haiombewi ruhusa.

Mama, niliweka bendera ya Kenya na ya Tanzania kwenye ukurasa wa kikoba chetu. Nikahariri kidogo, ikatokea bendera ya Ethiopia! Nimerogwa? (Dada wa Sinza)

Hujarogwa. Ulikuwa na K, E, T, Z zimefuatana. Programu ikafuta K peke yake. E na T wakaoana: ET, Ethiopia. Z kabaki mseja. Futa zote, andika upya, na weka nafasi kati ya bendera na bendera.

Nchi ikibadilisha bendera, ujumbe wa zamani unabaki na ile ya zamani? (Mstaafu, Upanga)

Shikamoo mzee wangu. Haubaki. Mauritania iliongeza mistari miwili myekundu mwaka 2017. Ujumbe ulioutuma 2016 ulibeba MR tu, na simu ya leo itachora yenye mistari hiyo. Ukitaka ile ya zamani ibaki, tunza picha yenyewe, usitunze emoji.