Anzia Palipodungwa: Ushauri kwa Anayefuatilia Nyuzi za Neva katika Ubongo wa Oposamu

Anayeanza kufuatilia nyuzi za neva zinazotoka katika kolikulasi ya juu, yaani kituo cha kuona kilichoko kwenye paa la ubongo wa kati, huwa na pupa ya kujua zimeishia wapi. Nami nilikuwa hivyo, na pupa hiyo ilinigharimu wiki tatu.

Kituo hiki kimejengwa kwa tabaka. Zile za juu hupokea nyuzi za retina ya jicho na kupeleka zao hasa kwenye thalamasi, kituo cha kupokezana habari ndani ya ubongo, ilhali zile za chini hutoa nyuzi ambazo nyingi huvuka upande wa pili papo hapo, kisha hushuka karibu na mstari wa katikati hadi shina la ubongo na sehemu ya shingo ya uti wa mgongo. Nilidunga rangi ya dekstrani, ambayo seli huinywa na kuisafirisha hadi ncha za nyuzi zake, katika tabaka za juu za oposamu wa Virginia, mnyama mwenye mfuko wa kubebea watoto. Nilipoziona nyuzi za kahawia, zenye vifundo kama shanga, zikiteremka upande wa pili, nikaanza kuandika kwamba wanyama wenye mfuko wana mpangilio wao wa pekee. Msimamizi wangu hakuusoma mswada. Aliomba kipande cha mahali nilipodunga, akakiweka chini ya hadubini, akanyamaza: doa la rangi lilikuwa limepenya hadi tabaka za chini.

Tangu siku hiyo mimi huchora doa la namna hiyo, kipande baada ya kipande, kabla ya kutazama kwingine kokote, na hutumia mkondo hafifu wa umeme kuitoa rangi katika pipeti badala ya kuisukuma kwa shinikizo.

Hata doa likikaa vizuri, nyuzi zitokazo kwenye gamba la ubongo na kupita hapo, zikijeruhiwa na pipeti, nazo huweza kunywa rangi. (Watafiti wa zamani waliotegemea kuharibu tishu na kutia nyuzi zinazokufa madini ya fedha walikuwa na taabu kubwa zaidi, kwa kuwa kidonda hukata kila kinachopita.) Kwa hiyo usiamini njia yoyote kabla ya kuithibitisha kinyumenyume: dunga kifuatilizi kinachorudi nyuma, yaani rangi inayosafiri kutoka ncha ya uzi hadi seli yake, katika uti wa mgongo, kwenye shingo, kisha utafute seli zilizojaa rangi katika kolikulasi ya upande wa pili. Nilipofanya hivyo, seli zote nilizozihesabu zilikuwa katika tabaka za chini.